Mpiga Chapa Asiyesoma Lugha Yetu

Nakivale, Juru
4 Aprili 2005

Gasore mdogo wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe hapo Mbarara, na cherehani yako isikuchoshe. Sisi huku ukimbizini tu wazima, mvua imenyesha, maharage yameshika. Mengine utayaona kwenye mfuko aliokuletea Mama Nyirabizimana, yule muuza karanga anayepanda lori la sokoni kila wiki. Mna madaftari sita. Usiyafungulie barazani watu wakaona.

Nimemaliza. Miaka miwili nimeandika, kila nikitoka shambani. Watu wetu arobaini na watatu waliouawa siku moja korongoni Nyamihanda, kule kwetu, mwaka wa tisini na nane, wote wamo: jina la mtu, jina la baba yake, alichokuwa anapenda, alivaa nini siku ile. Appolinaire mume wangu yumo. Mama yetu yumo. Wanangu wawili wamo, nao niliwaandika mwisho kwa sababu mkono ulikataa. Sitaki watu hawa wabaki vichwani mwetu tu, maana sisi wenyewe tunazeeka na tunasahau.

Na daftari la tano lina jina la mtu aliyewaonyesha wenye bunduki mahali tulipojificha. Nimeliandika wazi: Muhirwa. Unajua anakaa huku huku, nyumba ya nne kutoka bombani. Usilojua ni kwamba kanisa litamwekea mikono awe mchungaji, Jumapili ya tarehe 28 Agosti. Mimi nipokee mkate wa Bwana kutoka kwa mtu huyo? Haiwezekani. Nataka kitabu kiwe kwa watu kabla ya siku hiyo.

Kazi yako ni hii. Tafuta mpiga chapa anayekubali kazi ndogo, nakala mia moja, basi. Wapitie watatu, uniandikie. Kitabu kisimwage kurasa mtu akikifungua mara ya pili. Na sharti kubwa: anayekichapa asiwe mtu anayesoma Kiswahili. Wazee wa kanisa wakisikia mapema watakizima. Nataka mtu anakili herufi kama zilivyo, asijue anachonakili.

Pesa nimempa Mama Nyirabizimana kwenye kitambaa, mbuzi wote nimewauza. Wewe ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, kwa hiyo sina mwingine wa kumtuma.

Dada yako,
Kantengwa


Mbarara, nyuma ya Makenke
19 Aprili 2005

Dada yangu mpenzi,

Madaftari yamefika makavu, ingawa Mama Nyirabizimana aliyakalia njia nzima. Nilicheka sana. Halafu nikaona jina la Mama ukurasa wa kwanza, nikaacha kucheka. Siku ile sikushona tena. Koplo mmoja wa kambi ya jeshi hapa Makenke alikuja kudai suruali yake akanikuta nimekaa tu, akaondoka bila kunitukana, jambo ambalo si kawaida yake.

Wapiga chapa nimewapitia kama ulivyosema. Wa kwanza yuko barabara kuu, mashine yake inajaza chumba kizima, anachapa kalenda na mitihani ya shule. Alinisikiliza kwa heshima, akasema chini ya nakala elfu moja hawashi mashine. Akanipa kalenda ya mwaka jana nikaenda zangu.

Wa pili ni mwanamke, Miriamu, mjane wa askari, ana chumba karibu na geti la kambi. Kazi yake ni safi. Anakubali hata nakala ishirini, na vitabu anavishona kwa uzi. Nilivuta kurasa kwa nguvu zangu zote hazikutoka, na mimi fundi nguo uzi naujua. Lakini amezaliwa kambini, Kiswahili anakinywa kama maji. Kabla sijamzuia alisoma mistari mitatu kwa sauti, akauliza Nyamihanda ni wapi. Nilimnyang'anya daftari nikasema ni hadithi za watoto. Akaniambia hachapi kitu ambacho hajakisoma chote, maana aliwahi kuchapa matusi ya mtu bila kujua, akaitwa polisi. Huyo basi umeshamkataa.

Wa tatu ni Kabanda, Muganda, yuko kichochoro cha nyuma ya soko. Nakala mia anakubali. Anabandika kwa gundi. Kiswahili chake ni kile cha "leta pesa, kuja kesho". Anayepiga maneno kwenye kompyuta ni msichana kutoka Ibanda, hajui Kiswahili hata kidogo, anadonoa herufi moja moja kama kuku.

Daftari la tano sijalisoma bado. Lakini nikuulize tu, dada. Ni lazima jina? Si ungeandika "mtu mmoja"? Wanaomjua watamjua.

Mdogo wako,
Gasore


Nakivale, Juru
2 Mei 2005

Gasore,

"Mtu mmoja" ndiyo nini? Watu arobaini na watatu nimewapa majina yao na ya baba zao, halafu huyo ndiye nimfunike shuka? Jina linabaki.

Labda kwa kuwa hatukuwahi kuyaongea, wewe na mimi, unadhani nimesikia kwa watu. Sikusikia. Nilikuwa chemchemi ya juu, nimeenda kuwachotea watoto maji. Nikainua macho nikamwona Muhirwa amesimama mgongoni mwa kilima na wale watu, na koti lake la kijani, mkono ameunyoosha bondeni kwetu. Kabla dumu halijajaa nikasikia risasi. Yeye hakuguswa hata na mwiba. Wewe siku ile ulikuwa kwenye ng'ombe, hukuona. Mimi niliona, na kwa miaka saba kila nikimpita bombani naona ule mkono.

Chukua Kabanda. Kabla hujampa kazi mwombe kitabu alichokwisha kuchapa. Kivunje mgongo, kianike juani siku tatu, halafu ukitikise. Kikivumilia, mpe madaftari. Wala usinicheleweshe, Agosti haiko mbali.

Kantengwa


Mbarara
30 Mei 2005

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nguo za askari zimekuwa nyingi, kuna kikosi kimerudi.

Kitabu cha Kabanda nilikianika. Siku ya pili gundi ililainika, kurasa nane zikatoka. Kwa hiyo nikamwambia abadilishe gundi, akasema ya kutoka Kampala inakuja. Haijaja. Na umeme huku unakatika mchana kutwa. Na yule msichana wa Ibanda ameugua malaria. Nimefikiri tungengoja mwakani, tukusanye pesa, twende mpiga chapa wa Kampala kabisa, kitabu kitoke kizuri. Wafu wetu hawana haraka.

Jambo jingine, usikasirike. Kutoka chemchemi ya juu mpaka mgongo wa kilima ni mbali. Ukiwa mbali vile, mkono wa mtu huwezi kujua unaelekea bonde gani. Mimi nasema tu. Tukichapa, tumechapa, karatasi haifutiki.

Gasore


Nakivale, Juru
13 Juni 2005

Gasore,

Nilimtuma Mama Nyirabizimana kwa Kabanda akamuulize gundi imefika wapi. Kabanda anasema gundi anayo tangu Pasaka, msichana wake hajaugua hata siku moja, na kijana fundi nguo alimwona mara moja tu, mwezi wa nne, hakumwona tena. Madaftari yangu hayajafika kwake. Yako chini ya kitanda chako, sivyo?

Nimekaa nikatafuta sababu. Nimeipata, nami si mjinga. Ni Isimbi, binti ya Muhirwa. Krismasi iliyopita ulipokuja nilikuona unamsaidia kubeba maji, na ukacheka naye mpaka jua likazama. Kama unataka kuoa nyumba ile sema, uniambie usoni, nijue kwamba sina tena ndugu. Lakini usinidanganye kwa habari za gundi.

Mwisho wa mwezi huu madaftari yawe kwa Kabanda, au yarudi hapa nipande lori mimi mwenyewe.

Kantengwa


Mbarara
4 Julai 2005

Dada yangu,

Umesema kweli, yalikuwa chini ya kitanda. Sina la kujitetea. Lakini Isimbi hayumo katika jambo hili, nakuapia mbele ya Mungu, nilimbebea maji kwa sababu alikuwa na homa.

Madaftari yako kwa Kabanda tangu juma lililopita. Yule msichana anapiga haraka kuliko nilivyodhani. Kurasa za majaribio nazisahihisha mimi, jioni nikifunga duka. Kurasa chache zilipigwa vibaya, nimeagiza zirudiwe, zile mbovu wamezitenga. Mwezi ujao utapata vitabu vyako.

Tafadhali kula vizuri. Mama Nyirabizimana anasema umekonda.

Gasore


Nakivale, Juru
21 Julai 2005

Gasore,

Keti kwanza.

Jumatatu Chantal, jirani yangu, alinunua karanga za mia mbili kwa Mama Nyirabizimana. Alipomaliza kula akanyoosha karatasi asome, kama tunavyofanya sote. Ilikuwa ukurasa wa hamsini na mbili wa kitabu changu. Jina la Muhirwa lilikuwa katikati, na mafuta ya karanga yamelizunguka.

Unajua Mama Nyirabizimana hununua karatasi zilizoharibika kwa wapiga chapa wa Mbarara, kwa kilo. Miaka yote hii tunakula karanga ndani ya mitihani ya watoto na kadi za harusi za watu tusiowajua. Nilijua, na halikunijia kichwani. Nilitafuta mpiga chapa asiyesoma, kumbe asiyesoma ndiye anayeuza karatasi bila kuona alichouza. Nakala kama thelathini hivi za ukurasa huo zimeenea, Juru, Rubondo, mpaka mnada wa Kaberebere watu wamefungiwa karanga ndani yake.

Jioni ileile vijana walikwenda kwa Muhirwa na mawe. Wamemvunjia mlango, jiwe moja limempata kichwani. Binti yake akienda bombani wanawake wanapiga dumu lake teke. Mimi nilisimama kwenye mlango wangu nikatazama. Miaka saba nimeomba siku hiyo, Gasore, na ilipofika haikunifurahisha. Nimeona aibu, na sijui aibu ya nini.

Jana alikuja kwangu, kichwa kimefungwa kitambaa, ukurasa mkononi. Nilitaka kumfukuza, lakini alikaa chini mlangoni bila kukaribishwa. Akasema, "Kantengwa, mkono uliouona ni wangu. Lakini niliwaonyesha bonde la chini, ambako hakukuwa na mtu, na walikwenda." Nikamuuliza nani basi aliwarudisha. Akaukunja ule ukurasa. Nikamuuliza tena. Akasema hilo hatalisema, akainuka kwa shida, akaenda zake.

Simwamini. Mwongo naye hukaa chini akaongea taratibu. Lakini hakunitukana wala hakuniomba nimwondolee jambo hilo, na hilo linanisumbua. Wewe ulikuwa upande wa ng'ombe asubuhi ile. Uliporudi ulikuta nini? Uliona kitu? Sijakuuliza maisha yangu yote, sasa nakuuliza.

Dada yako


Nakivale
23 Julai 2005

Gasore,

Mimi ni Muhirwa, baba ya Isimbi. Sikusoma mingi, utanisamehe maandiko. Ninaandika pole pole juu kichwa inaniuma.

Karatasi ya dada yako ilifika huku na karanga. Batu balisoma, bakakuja ku nyumba yangu. Isimbi hawezi tena kuchota maji, anaenda mpaka ku ziwa. Wazee ba kanisa banasema nijibu mbele ya batu bote, na kama sina jibu hakuna kuwekewa mikono. Kuwa muchungaji ao kutokuwa, hiyo nitavumilia. Lakini mutoto wangu anaitwa binti ya muuaji.

Ile siku bale ba bunduki balinikamata asubui. Baliniuliza batu bako fasi gani. Nikabaonyesha bonde ya chini. Bakaenda, nikasema asante Mungu. Kisha nikakuona. Ulikuwa na ndama ku mabega, ng'ombe anakufuata. Nilitaka kulia kwa sauti, sauti haikutoka. Unajua yenye ilifuata.

Sikusema kwa miaka saba. Ulikuwa mutoto, na ulikuwa umepoteza mama. Juzi dada yako aliniuliza, nikakataa. Sitasema jina yako hata bakinirudilia na mawe. Mimi sikutishi. Ninakuomba tu, juu nimechoka.

Muhirwa


Mbarara
27 Julai 2005

Dada yangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Ikikufika, usiisome mbele ya watu.

Muhirwa hakusema uongo. Aliyewaleta wale watu korongoni ni mimi.

Unamkumbuka Gaju, yule ng'ombe mwekundu ambaye baba alinipa kabla hajafa. Wazee walikataza ng'ombe wasikaribie korongo, tukawaacha kilimani. Lakini Gaju alikuwa anakaribia kuzaa. Asubuhi ile kabla ya jua nilitoroka kwenda kumwangalia. Nilikuta amezaa, ndama bado ana maji, anatetemeka. Nikafikiri, wanao wamelia siku mbili na maziwa ya wanawake yamekauka kwa hofu. Nikimleta Gaju karibu, watoto watakunywa. Ndivyo nilivyofikiri, dada. Sikuwa na wazo jingine.

Unajua sisi tunavyomhamisha ng'ombe aliyezaa. Humfungi kamba. Unabeba ndama mabegani, mama anafuata mwenyewe. Nikambeba ndama nikashuka korongoni. Gaju akafika kwenye mdomo wa korongo, palipokuwa pembamba, akaogopa kuingia. Ndama akalia. Gaju akajibu. Alilia kwa sauti ile ya ng'ombe anayenyang'anywa mtoto, bonde zima likasikia. Nilimrukia nimzibe mdomo kwa mikono. Nani anaweza kumziba ng'ombe mdomo? Nikamweka ndama chini nikakimbia kumsukuma Gaju kuelekea mtoni, ndiyo maana nilikuwa mtoni walipofika. Ndiyo maana niko hai.

Uliposhuka kutoka chemchemi ukanikuta kwenye matete, ulinikumbatia ukasema Mungu amekuachia mmoja. Ningekuambia saa ile. Sikuweza. Kesho yake sikuweza. Halafu ukaanza kusema Muhirwa, Muhirwa, na mimi nikanyamaza, na kila mwaka niliponyamaza ukawa mgumu kuliko uliotangulia. Nilihamia Mbarara nisiwe nasikia unalisema jina lake. Nilikuambia daftari la tano sijalisoma. Nililisoma siku ya kwanza.

Na hizo kurasa za karanga pia ni mimi. Msichana wa Ibanda alipiga jina lake sawasawa, kama ulivyoandika. Walikuwa wamekwisha kuchapa ukurasa ule nilipofika. Nikamwambia Kabanda umeharibika, autoe, aandike "mtu mmoja". Zile zenye jina ndizo zilizotengwa, ndizo zilizouzwa. Nilitaka kumficha Muhirwa, nami nikajificha nyuma yake, nikamtupia mawe kwa mikono ya watu wengine.

Kazi kwa Kabanda nimeisimamisha, karatasi zote nimezichukua nikazichoma mwenyewe. Madaftari yako salama. Nifanyie utakalo. Ukitaka nije nisimame mbele ya watu, nitakuja. Ukitaka nisije tena, nitaelewa.

Gasore


Nakivale, Juru
15 Agosti 2005

Gasore,

Barua yako ilinifika tarehe moja. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa laana, na mtu asimlaani mtoto wa mama yake kwa wino.

Nimekuchukia. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Kwa siku tisa sikutaja jina lako katika maombi, na miaka yote hii sikuwahi kuliruka. Si kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe ningemsamehe hata siku ileile. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulitaka wanangu wanywe maziwa. Nimelia kwa ajili ya hilo zaidi ya yote, kwamba mtu mmoja siku ile aliifikiria kiu yao. Nakuchukia kwa miaka saba. Uliniacha nimpite mtu asiye na hatia bombani kila asubuhi na kumtemea mate moyoni. Umenifanya shahidi wa uongo, mimi niliyewafundisha watoto wa Jumapili amri kumi.

Nami nina langu. Niliona mkono, nikaujazia mengine. Hakuna aliyenilazimisha.

Juzi nilikwenda kwa Muhirwa. Nilipiga magoti uani, Isimbi akiona. Nilimwambia najua ni nani. Akaniinua akasema, "Basi nyumba zetu zimepumzika." Mimi bado sijapumzika.

Sasa sikiliza maagizo, na usinipe habari za gundi.

Kitabu kitachapwa. Ukurasa wa hamsini na mbili utauandika upya wewe, kwa mkono wako, kama ulivyoniandikia: Gaju, ndama, njia, na jina lako na la baba yako. Usiongeze la kujihurumia, usipunguze. Mwanzoni kabisa weka ukurasa huu nilioambatanisha, ambamo nimeandika nilivyomsingizia Muhirwa, nami nimetia sahihi.

Usimpelekee Kabanda. Mpelekee yule mwanamke wa kambini, Miriamu, anayesoma kila neno kabla hajachapa. Nilitafuta mtu asiyejua anachonakili, ukaona tulipofika. Mwache asome yote, na akiuliza Nyamihanda ni wapi, mwambie. Pesa ya mbuzi imekwisha, hii utaipata mwenyewe unakojua.

Viwe huku kabla ya Jumapili ya tarehe 28. Sijakusamehe. Nikiandika kwamba nimekusamehe nitakuwa nimeanza tena uongo mwingine. Lakini usikimbie.

Kantengwa


Mbarara
25 Agosti 2005

Dada,

Vitabu mia viko tayari, vimefungwa kwenye turubai.

Miriamu alisoma siku mbili. Alisimamisha kazi nyingine zote, mteja wa kadi za harusi akagomba akaondoka. Alipofika ukurasa wa hamsini na mbili akainua macho akaniuliza, "Huyu Gasore ni ndugu yako?" Nikamwambia ni mimi. Ndiyo mara ya kwanza kulisema kwa mdomo, na nililisema kwa mtu nisiyemjua vizuri. Akarudi kusoma. Baadaye aliniletea chai, akaniwekea sindano na uzi mezani, akasema hana wa kumsaidia kushona na mimi sina pesa ya kutosha, kwa hiyo tukubaliane. Nimeshona vyote mia kwa mkono wangu. Kila kitabu nilipitia majina yote nikikishona.

Alisahihisha makosa ya herufi kumi na moja. Jina langu hakulikuta na kosa.

Wazee wa kanisa nimewaandikia barua fupi, Mama Nyirabizimana ametangulia nayo. Nimewaambia ni nani, wasiendelee kumngoja Muhirwa ajibu. Nimewaomba pia nafasi ya kusimama mlangoni na vitabu Jumapili kabla ya ibada. Hawajajibu. Nitasimama hata wasipojibu. Vijana wale wa mawe watakuwepo, najua. Naogopa sana, dada, nakuambia kweli.

Nitapanda lori la Jumamosi. Sitakuja kulala kwako, usifikiri. Kitabu cha kwanza nitampa Muhirwa. Cha pili ni chako. Kama huwezi kunisalimu mbele ya watu, kipokee tu, upite.

Gasore